Picha ya projekta imefifia: utie giza chumba, ubadilishe taa, ununue skrini au projekta mpya?

Projekta ikianza kutoa picha iliyopauka, wazo la kwanza la wengi ni kutafuta nyingine yenye lumeni nyingi zaidi. Wakati mwingine hilo ndilo jibu. Lakini nuru hupotea mahali pengi kabla ya kufika machoni: ndani ya projekta, kwenye lenzi yenye vumbi, kwenye skrini inayoitawanya pande zisizo na watu, na katika chumba ambacho mwanga wake unaosha weusi wa picha. Anayeongeza lumeni bila kujua zinapotelea wapi hulipia nuru ambayo nayo itapotelea palepale.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kutia giza chumba na kupunguza ukubwa wa picha; kusafisha, kurekebisha mipangilio na kubadilisha taa; kubadilisha skrini; na kununua projekta yenye chanzo kingine cha nuru. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, na mara nyingi mbili za bei ndogo zikiunganishwa huishinda moja ya bei kubwa.

## Vigezo

Nuru inayoongezeka. Lumeni ni jumla ya nuru inayotoka kwenye lenzi. Gawanya lumeni kwa eneo la picha katika mita za mraba, utapata laksi zinazoangukia skrini. Zidisha laksi hizo kwa geini ya skrini (kipimo cha jinsi inavyorudisha nuru kwa aliyekaa mbele yake), gawanya kwa 3.14, utapata niti, yaani mng'ao ambao jicho linauona. Kumbi za sinema hulenga niti 48 katikati ya skrini, nazo zinatosha kwa sababu ukumbi una giza. Kwenye chumba chenye taa zinazowaka utahitaji mara kadhaa ya hizo.

| Ulalo wa picha (16:9) | Eneo | Niti kwa kila lumeni 1,000, geini 1.0 |
|---|---|---|
| Inchi 80 | mita za mraba 1.76 | 180 |
| Inchi 100 | mita za mraba 2.76 | 115 |
| Inchi 120 | mita za mraba 3.97 | 80 |
| Inchi 150 | mita za mraba 6.20 | 51 |

Weusi wa picha. Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni skrini yenyewe pamoja na mwanga wowote uliomo chumbani na nuru kidogo inayovuja kutoka kwenye mashine. Uwiano wa nyeupe kwa nyeusi ndio unaoamua kama herufi zitasomeka. Kiwango cha ANSI/INFOCOMM 3M cha mwaka 2011 kinataja uwiano wa 7 kwa 1 kwa kutazama tu, 15 kwa 1 kwa kusoma na kufanya maamuzi ya kawaida, 50 kwa 1 kwa kuchunguza michoro na picha zenye undani, na 80 kwa 1 kwa video.

Gharama na kazi, kinachoweza kuharibika, na anayefaa ndivyo vigezo vitatu vilivyobaki. Havihitaji maelezo.

## Pima kabla ya kuchagua

Kipima laksi cha kawaida kinatosha. Programu ya simu si ya kuaminika kwa namba kamili, ila inafaa sana kulinganisha hali ya kabla na ya baada, mradi simu iwe ileile.

Washa projekta na uiache ipate moto kwa dakika 20. Onyesha picha nyeupe tupu na uchague hali ya picha yenye mwanga mwingi kuliko zote. Gawanya skrini kwa macho katika miraba 9 sawa. Weka kipima katikati ya kila mraba, kikigusa skrini na kuielekea lenzi, uandike namba. Kisha zuia nuru ya projekta kwa kitufe cha kufunga picha, au mtu ashike kadibodi mbali kidogo na lenzi. Usibandike kitu juu ya lenzi, kwani joto la nuru iliyozuiliwa linaweza kuyeyusha plastiki. Pima tena, hizo ni laksi za chumba. Toa laksi za chumba kwenye zile 9, tafuta wastani, zidisha kwa eneo la picha. Jibu ni lumeni halisi za mashine yako.

Linganisha na namba iliyoandikwa na mtengenezaji. Kiwango cha ISO 21118 kinakubali mashine mpya ipungue, mradi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba hiyo, kwa hiyo usishtuke ukikosa sehemu ya tano. Ukipata nusu au chini yake, nuru inapotea ndani ya projekta. Ukiwa karibu na namba iliyoandikwa na picha bado imepauka, mashine haina kosa: tatizo ni chumba, skrini, au picha kubwa kuliko uwezo wake. Na kama laksi za chumba zinazidi sehemu ya kumi ya laksi za picha, anza na chumba, hata kama unapanga kununua kitu kingine.

## Njia ya kwanza: kutia giza chumba na kupunguza picha

Nuru inayoongezeka. Pazia haliongezi hata lumeni moja. Kupunguza picha ndiko kunakoongeza mng'ao: kutoka inchi 120 hadi 100, niti zinaongezeka kwa takribani asilimia 44, bure kabisa. Tena mboni ya jicho hutanuka gizani, kwa hiyo picha ileile huonekana yenye nguvu zaidi.

Weusi wa picha. Hapa njia hii haina mpinzani. Chukua projekta ya lumeni 2,000 kwenye skrini ya inchi 100: inaweka laksi 725. Kama taa za chumba zinaangusha laksi 100 kwenye skrini, nyeupe ni 825 na nyeusi ni 100, uwiano wa 8 kwa 1. Zima safu ya taa iliyo karibu na skrini, laksi za chumba zishuke hadi 20, na uwiano unapanda hadi 37 kwa 1. Kupata 37 kwa 1 bila kuzima taa kungehitaji projekta ya takribani lumeni 10,000. Swichi moja imefanya kazi ya mashine yenye nguvu mara tano.

Gharama na kazi. Ndogo kuliko zote. Tenganisha swichi ya taa zilizo mbele ya skrini na zile zilizo juu ya watazamaji. Watu wataendelea kuandika na skrini itabaki gizani. Mapazia yapishane katikati na yapite kingo za dirisha, maana upenyo mwembamba wa jua unaweza kuangusha mwanga mwingi kuliko taa zote za chumba. Ukuta mweupe na dari nyeupe hurudisha nuru ya picha yenyewe kwenye skrini, basi paka rangi nzito isiyong'aa kwenye dari na kuta za pembeni kwa umbali wa mita 1 hadi 1.5 kutoka skrini. Hatua hii ya rangi husahaulika sana, na ndiyo inayotenganisha chumba cha kawaida na chumba cha filamu.

Kinachoweza kuharibika. Mapazia mazito yanaweza kuziba njia ya hewa ya projekta iliyowekwa dirishani au kwenye kona. Acha nafasi wazi pande zenye matundu kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza.

Anayefaa. Mwenye mamlaka juu ya taa na madirisha: chumba cha filamu, darasa lenye mapazia, ukumbi wa mikutano ya usiku. Haimfai anayeonyesha mahali ambapo watu wanapita, wanakula au wanafanya kazi mchana kutwa.

## Njia ya pili: usafi, mipangilio na taa mpya

Nuru inayoongezeka. Anza na mipangilio, maana haigharimu chochote. Hali ya kubana umeme, inayoandikwa Eco kwenye menyu nyingi, mara nyingi hukata karibu theluthi ya nuru. Hali ya filamu hutoa rangi sahihi zaidi lakini hukata nyingine. Ile angavu kuliko zote, inayoitwa Dynamic au jina la namna hiyo, huelekea kijani. Itumie kwa maandishi na majedwali, usiitumie kwa filamu.

Halafu kuna zumu. Lenzi nyingi za zumu hupitisha nuru pungufu zikivutwa kwenye picha ndogo kutoka mbali, na upungufu huo unaweza kuwa robo au zaidi. Sogeza projekta karibu na skrini kadiri inavyoruhusu kwa ukubwa unaoutaka, zumu ikiwa upande wa picha pana. Na marekebisho ya kistoni, yaani ya kunyoosha picha iliyopanuka upande mmoja, yaepukwe: mashine hunyoosha picha kwa kuzima sehemu ya vitone vyake, na nuru ya vitone vilivyozimwa hupotea. Inyanyue au uishushe mashine hadi ielekee skrini sawasawa, au tumia gurudumu la kuhamisha lenzi kama lipo.

Usafi wa lenzi na chujio hurudisha kidogo hadi wastani. Taa mpya ndiyo inayorudisha kingi. Muda wa taa unaoandikwa na watengenezaji, saa 2,000 hadi 5,000 kwa taa nyingi za zebaki, ni muda wa kufikia nusu ya mwangaza wa mwanzo. Kwa hiyo taa iliyofika mwisho wake, ikibadilishwa, huongeza nuru maradufu. Jicho lakini halitaona maradufu, kwa sababu halihesabu nuru kwa mstari ulionyooka. Utaona picha iliyochangamka waziwazi, basi.

Kwa nini taa hufifia? Ndani ya kijipira cha kwatzi kuna mvuke wa zebaki wenye shinikizo linalozidi bari 200, na tao la umeme lenye urefu wa milimita 1 hivi kati ya elektrodi mbili za tungsteni. Elektrodi zinapoliwa, tao hurefuka. Chanzo kikishakuwa kirefu, vioo vya ndani haviwezi tena kukikusanya chote kwenye paneli ndogo ya picha. Wakati huohuo ukuta wa kwatzi huanza kuwa mweusi au mweupe: mweusi tungsteni ikiganda juu yake, mweupe ukipata joto kupita kiasi. Joto hilo aghalabu huletwa na chujio lililoziba. Ndiyo maana taa mpya kwenye mashine chafu hufa mapema.

Weusi wa picha. Hauboreki kama kwa pazia. Nyeupe ikipanda uwiano hupanda nao, lakini laksi za chumba ziko palepale. Kusafisha lenzi ni jambo jingine: vumbi na alama za vidole hutawanya nuru kwenye sehemu nyeusi, na lenzi ikiwa safi weusi hurudi kuliko mtu anavyotarajia.

Gharama na kazi. Ndogo kwa usafi, ya kati kwa taa. Utaratibu wa taa ni huu:

1. Zima, subiri feni imalize kuzunguka, chomoa waya wa umeme, acha ipoe saa nzima.
2. Legeza skrubu za kifuniko, kisha za kikasha cha taa. Nyingi hubaki zimeshikwa mahali pake, usizilazimishe kutoka.
3. Vuta kikasha kwa mpini wake. Usiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi hutengeneza doa la joto.
4. Kabla ya kuweka kipya, safisha chujio na upulize vumbi kwenye njia za hewa. Shika mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza.
5. Kaza kikasha kikae sawasawa. Kikiinama hata kidogo swichi ya usalama haitaruhusu mashine iwake.
6. Rudisha hesabu ya saa za taa kwenye sifuri kupitia menyu.

Lenzi isafishwe kwa kipulizio cha mkono kwanza, kisha kitambaa laini cha lenzi. Dawa za vioo zenye amonia huharibu utando wake. Mikebe ya hewa yenye gesi inayoshika moto isitumike kabisa karibu na mashine yenye joto.

Kinachoweza kuharibika. Taa bandia ni hatari ya kwanza. Nyingine huweka kijipira kisichokuwa sahihi ndani ya kikasha kinachofanana na cha asili: tao haliketi kwenye kitovu cha kioo, na picha inakuwa hafifu au yenye kona za giza tangu siku ya kwanza. Tafuta kikasha cha mtengenezaji wa projekta, au chenye kijipira cha kampuni zinazotengeneza taa hizi, kama Philips, Osram au Ushio. Hatari ya pili ni kupasuka: zebaki huachiwa hewani, hivyo fungua madirisha, toka, rudi baada ya hewa kubadilika, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi kuokota vipande.

Kuna ugonjwa mmoja ambao taa mpya haitibu. Katika projekta za paneli tatu za LCD, joto na nuru kali huunguza taratibu vichujio vyembamba vya upande wa buluu. Picha inakuwa ya njano, au inaota madoa ya njano pembeni. Ukiona hivyo, usinunue taa kwanza. Pata bei ya sehemu hiyo, maana mara nyingi inakaribia thamani ya mashine.

Anayefaa. Mwenye projekta iliyokuwa ikimtosha zamani na sasa haimtoshi. Kama haikuwahi kumtosha hata ilipokuwa mpya, njia hii itamrudisha palepale alipoanza kulalamika.

## Njia ya tatu: skrini nyingine

Nuru inayoongezeka. Geini 1.0 ni skrini nyeupe isiyong'aa, inayotawanya nuru sawasawa kila upande. Skrini ya geini 1.3 huongeza asilimia 30 kwa aliyekaa mbele yake, na kumpunguzia aliye pembeni. Haizalishi nuru, inaielekeza tu. Kama watazamaji wote wako katikati, nuru iliyokuwa ikienda kwenye kuta za pembeni ilikuwa hasara tupu, na kuirudisha katikati ni ufanisi wa kweli.

Weusi wa picha. Skrini ya kijivu, yenye geini ya 0.8 hivi, hupunguza nyeupe na nyeusi pamoja. Husaidia projekta yenye lumeni za ziada na weusi dhaifu. Huididimiza projekta hafifu. Skrini za kukataa mwanga wa chumba ni jamii nyingine kabisa. Zina mistari midogo au tabaka zinazorudisha nuru kulingana na pembe inakotoka: nuru ya projekta huenda kwa watazamaji, ya taa za dari hunyonywa au hutupwa chini. Zilizotengenezwa kwa projekta ya kukaa chini karibu kabisa na ukuta zina mistari inayopokea nuru kutoka chini. Zilizotengenezwa kwa projekta ya mbali hupokea nuru kutoka mbele. Ukizibadilishana, skrini itaikataa projekta yako yenyewe na picha itakuwa na giza. Kosa hili huwagharimu watu sana kwa sababu kwenye picha za matangazo skrini zote mbili zinafanana.

Gharama na kazi. Nyeupe ya kawaida ni ya bei nafuu; ya kukataa mwanga inaweza kugharimu kama projekta nyingine. Ya mwisho hii hutaka fremu iliyokazwa, kwa kuwa mkunjo mdogo huonekana kama wimbi la mwanga. Lakini skrini nzuri huishi kuliko projekta kadhaa, na hilo liingizwe kwenye hesabu.

Kinachoweza kuharibika. Geini kubwa huleta doa angavu katikati na kona zilizofifia. Uliza pembe ambayo mwangaza hushuka hadi nusu. Kama ni digrii 30 kila upande, waliokaa viti vya pembeni watalalamika. Leza za rangi tatu zikipiga skrini ya namna hii huweza kuonyesha chembechembe zinazometameta kwenye maeneo meupe, kwa hiyo omba kuona mashine na skrini zikiwa pamoja kabla ya kulipa.

Anayefaa. Anayeonyesha kwenye ukuta mtupu, kwanza kabisa. Halafu mwenye sebule ambayo haiwezi kutiwa giza, viti vikiwa mbele ya skrini. Chumba kipana chenye watu pande zote kinahitaji geini 1.0 na lumeni zaidi.

## Njia ya nne: projekta yenye chanzo kingine

Nuru inayoongezeka. Inategemea chanzo, paneli, na ukweli wa namba iliyoandikwa.

Taa ya zebaki hutoa takribani lumeni 60 kwa wati. Taa ya wati 200 basi huzalisha lumeni 12,000, na projekta inayoitumia huandikwa 3,000 hivi. Robo tatu hubaki njiani. Nyingine haikusanywi na kioo, nyingine hukatwa ili rangi zilingane, nyingine humezwa na vichujio na vioo. Paneli ya LCD hupokea nuru inayotetema mwelekeo mmoja tu, na bila kifaa cha kugeuza ule mwelekeo mwingine nusu ingetupwa. Projekta nzuri za paneli tatu huwa nacho. DLP ya paneli moja, inayotumia vioo vidogo sana badala ya LCD, haina hasara hiyo, ila ina gurudumu la rangi: kila kipande hupitisha rangi moja na kuzuia nyingine mbili. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza kipande cheupe au cha wazi kwenye gurudumu. Nyeupe hupanda, na rangi hubaki nyuma. Mashine mbili zenye lumeni 3,000, moja ya paneli tatu na nyingine ya gurudumu lenye kipande cheupe, zitalingana kwenye jedwali na kuachana kwenye picha ya maua. Uliza mwangaza wa rangi, si wa nyeupe peke yake.

LED huishi saa 20,000 au zaidi, huwaka papo hapo, na rangi zake ni nzito kiasi kwamba jicho huziona zina mwanga kuliko kipima kinavyosema. Udhaifu wake ni ukubwa wa chipu: nuru hutoka kwenye eneo pana kwa pembe pana, na paneli ndogo haiwezi kuipokea yote. Ndiyo maana nyingi ni za lumeni za mamia hadi elfu moja au mbili.

Leza yenye fosfa hutumia leza za buluu kupiga gurudumu lenye kemikali inayogeuza buluu kuwa njano, kisha njano hugawanywa kuwa nyekundu na kijani. Chanzo ni kidogo, kwa hiyo nuru nyingi huingia kwenye paneli. Muda wake kwa kawaida huandikwa saa 20,000 hadi nusu ya mwangaza, na hupungua polepole pasipo anguko la mwanzo ambalo taa ya zebaki huwa nalo. Leza za rangi tatu huondoa fosfa kabisa na kutoa rangi pana kuliko zote, pamoja na zile chembechembe zilizotajwa kwenye skrini.

Weusi wa picha. Leza na LED hupunguzwa kwa kasi kwenye tukio la giza, jambo ambalo taa ya zebaki haiwezi. Kwa weusi wa asili gizani, paneli za LCoS, ambazo ni LCD zinazoakisi nuru badala ya kuipitisha, zina sifa nzuri. Katika chumba chenye mwanga tofauti zote hizi huzama ndani ya laksi za taa za dari.

Gharama na kazi. Kubwa mwanzoni. Leza haina taa ya kununua, na hilo huleta nafuu kwa anayewasha saa nyingi kila siku. Anayewasha saa 5 kwa wiki hutumia saa 260 kwa mwaka. Taa moja ya zebaki ya saa 2,000 hadi 5,000 itamtosha takribani miaka 8 hadi 19, na ziada aliyoilipia leza haitarudi.

Kinachoweza kuharibika. Chanzo cha leza kikifa, mara nyingi mashine nzima hubadilishwa. Vumbi na joto hufupisha zile saa 20,000, hivyo usafi wa njia za hewa haukwepeki. Hatari kubwa kuliko zote ni namba za uongo. Mashine ndogo za bei rahisi huandikwa lumeni elfu nyingi zilizopimwa kwenye chanzo kabla ya lenzi, au zisizopimwa popote. Nyingi hutumia LED moja na paneli moja ya LCD yenye vichujio vya rangi, mpangilio unaotupa sehemu kubwa ya nuru. Tafuta namba iliyotajwa kwa ANSI au ISO 21118. Isipokuwepo, ichukulie kama haijaandikwa.

Anayefaa. Ambaye vipimo vyake vinaonyesha mashine iko sawa na chumba hakibadiliki, au ambaye mashine yake imeungua vichujio vya ndani.

## Na kufunga taa yenye wati nyingi zaidi?

Wazo hili hujitokeza mara kwa mara, hasa kwa mashine za LED za bei rahisi: toa chipu ya zamani, weka kubwa. Halifanyi kazi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Eneo la chanzo likizidishwa na upana wa pembe inakotoka nuru ni kiasi ambacho hakuna lenzi wala kioo kinachoweza kukipunguza bila kutupa nuru. Wataalamu hukiita etendu. Paneli na lenzi vina etendu yao. Chanzo kikiizidi, ziada huishia kwenye kuta za ndani kama joto. Chipu yenye eneo maradufu huongeza joto maradufu na nuru kidogo sana kwenye skrini. Joto hilo huchoma kichujio cha paneli, na doa la kahawia hutokea katikati ya picha. Kwenye projekta za taa ya zebaki kuna balasti pia, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, iliyopangiwa wati maalumu. Taa isiyolingana nayo huzimika, humetameta au hupasuka.

## Mwongozo kwa hali yako

Picha ilikuwa nzuri mwaka jana, sasa imefifia, na hesabu ya saa za taa iko juu: safisha, toa Eco, badilisha taa. Kama rangi imegeuka njano, pata kwanza bei ya vichujio vya ndani.

Mashine ni mpya na picha bado imepauka mchana: pima laksi za chumba. Zikiwa chini ya 50 kwenye skrini, punguza ukubwa wa picha. Zikiwa 100 au zaidi na zinatoka kwenye taa, tenganisha swichi. Zikitoka dirishani na dirisha haliwezi kufunikwa, nenda kwenye skrini ya kukataa mwanga, mradi watazamaji wakae mbele.

Darasa au chumba cha mikutano ambapo watu wanaandika: lenga 15 kwa 1. Zima safu ya mbele ya taa, tumia geini 1.0 kwa ajili ya viti vya pembeni, kisha hesabu lumeni zinazobaki kuhitajika. Projekta ikiwashwa siku nzima, leza inajilipa. Ikiwashwa mara moja kwa wiki, taa ya zebaki inatosha.

Filamu kwenye chumba cha giza: rangi nzito isiyong'aa kwenye dari na kuta kabla ya lumeni. Niti 50 hadi 100 zinatosha, na fedha iliyobaki ielekezwe kwenye weusi wa paneli.

Ukumbi mkubwa usioweza kutiwa giza, na bajeti haifiki kwenye mashine moja kubwa: projekta mbili zinazofanana zikirusha picha moja juu ya nyingine hujumlisha lumeni zake. Zinahitaji kuhamisha lenzi, stendi isiyotikisika, na kulinganishwa upya kila baada ya kupata moto.

Maonyesho ya nje usiku kwa mashine ndogo ya LED yenye lumeni 500 halisi: kaa kwenye inchi 80, ambapo utapata niti 90 hivi. Kwenye inchi 150 zitabaki 26 tu, na taa moja ya barabarani itatosha kuifuta picha.